Kupanga Marejeleo ya Makala ya Jarida Kabla ya Kuituma

Muswada unaporudishwa kwa sababu ya marejeleo, ujumbe wa mhariri huwa mfupi: fuata mtindo wa jarida. Mwandishi akishausoma hukimbilia koma na nukta. Kumbe nukta iliyokaa vibaya ndilo kosa jepesi kuliko yote, maana mhariri anaweza kuisahihisha bila hata kukuuliza. Mwaka uliokosewa, jina la mwandishi lililopinduliwa, kiungo kisichofunguka, chanzo ambacho hakisemi ulichodai: hayo hakuna wa kukusahihishia, kwa kuwa aliyesoma chanzo ni wewe. Ndiyo maana maelekezo haya yanakaa zaidi kwenye taarifa zenyewe kuliko kwenye alama za vituo. Yamewalenga wanaoandikia Mbeya, Iringa, Njombe na kwingine Nyanda za Juu Kusini: mhadhiri wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) au wa chuo cha Mkwawa, mtafiti wa TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Uyole, mwanafunzi wa uzamili anayeipunguza tasnifu yake iwe makala ya kurasa ishirini.

Soma jarida kabla ya kusoma mtindo

Fungua ukurasa wa maelekezo kwa waandishi, kisha pakua makala mbili za karibuni kabisa za jarida hilohilo. Maelekezo peke yake hayatoshi. Mengine yaliandikwa zamani na hayajaguswa tena, hivyo utakuta yanataja APA (mtindo wa Chama cha Saikolojia cha Marekani) huku makala zilizochapishwa zikifuata kitu kingine. Makala hizo mbili zitakuonyesha yale ambayo maelekezo yameyanyamazia. Pale vinapopingana waziwazi, mwandikie mhariri barua pepe ya mistari miwili. Ni swali la kawaida na halikupunguzii heshima.

Unatafuta majibu ya maswali machache. Ndani ya matini panaandikwa jina na mwaka, namba, au tanbihi chini ya ukurasa? Waandishi wanatajwa wangapi kabla ya orodha yao kukatwa? Jina la jarida linaandikwa zima au kwa kifupi? DOI, yaani namba ya kudumu ya makala mtandaoni, inatakiwa? Kuna ukomo wa idadi ya marejeleo? Andika majibu kwenye karatasi moja, uibandike karibu na kompyuta.

Jihadhari na neno "Harvard". APA ina kitabu chake cha kanuni, toleo la saba, lililotoka mwaka 2019. Vancouver ilianzia kwenye kikao cha wahariri wa majarida ya tiba kilichofanyika Vancouver, Kanada, mwaka 1978, na leo mifano yake inatunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Chicago nayo ina mwongozo wake. Harvard haina mwenyewe: kila chuo na kila jarida lina ya kwake, hii inaweka mwaka ndani ya mabano, ile inauacha nje. Jarida likikuambia "tumia Harvard", kanuni yako ni makala zile mbili ulizopakua, basi.

Jarida likisema "APA" bila kutaja toleo, chukulia la saba. Aliyebaki kwenye la sita hutambulika haraka: anaandika mji wa mchapishaji kabla ya jina la mchapishaji, jambo ambalo toleo la saba limelifuta, na kwa chanzo chenye waandishi watatu hadi watano anawataja wote mara ya kwanza ndipo akate. Toleo la saba linakata tangu mara ya kwanza, waandishi wakianzia watatu.

Majarida kadhaa ya wachapishaji wakubwa wa nje hupokea muswada wa kwanza kwa mtindo wowote, mradi uwe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Kupanga rasmi kunakuja makala ikishakubaliwa. Itafute sentensi hiyo kwenye maelekezo kabla hujakesha.

Chanzo kimoja, mitindo miwili

Tuchukue makala iliyotangaza kipunji, nyani wa Mlima Rungwe na Kitulo, kwenye jarida la *Science* mwaka 2005. Kwa APA inaandikwa hivi:

Jones, T., Ehardt, C. L., Butynski, T. M., Davenport, T. R. B., Mpunga, N. E., Machaga, S. J., & De Luca, D. W. (2005). The highland mangabey *Lophocebus kipunji*: A new species of African monkey. *Science*, *308*(5725), 1161–1164. https://doi.org/10.1126/science.1109191

Kwa Vancouver:

Jones T, Ehardt CL, Butynski TM, Davenport TRB, Mpunga NE, Machaga SJ, et al. The highland mangabey *Lophocebus kipunji*: a new species of African monkey. Science. 2005;308(5725):1161–4.

Waandishi ni saba. APA inawaandika wote, na ingewaandika hata wangekuwa ishirini; wakifika 21 au zaidi, unaandika 19 wa kwanza, nukta tatu, kisha wa mwisho bila alama ya &. Vancouver kama inavyotumiwa na majarida mengi inaandika sita kisha "et al.", kwa hiyo De Luca anaanguka. Yapo majarida yanayokata baada ya watatu, na hapo Mpunga na Machaga nao hawaonekani. Uamuzi huo ni wa jarida, lakini usiuhamishie kwenye kumbukumbu zako: kwenye faili lako andika wote saba, programu ya marejeleo (kama Zotero, tutakayoieleza chini) ndiyo ikate. Ukihifadhi watatu tu, siku makala ikikataliwa na ukaipeleka kwenye jarida linalotaka wote, utaanza kutafuta upya.

Ndani ya matini, APA inaandika (Jones et al., 2005) tangu mara ya kwanza. Kifupisho hicho kina nukta moja, baada ya "al", na hakuna nukta baada ya "et". Waandishi wakiwa wawili, tumia & ndani ya mabano, lakini ukiwataja kwenye sentensi yenyewe andika neno kamili la kuunganisha.

Tazama herufi kubwa kwenye kichwa cha makala. Mitindo yote miwili inataka herufi kubwa mwanzoni na kwenye majina ya pekee tu, ila APA inaongeza herufi kubwa baada ya nukta pacha na Vancouver haiongezi. Kurasa kwa APA ni kamili, 1161–1164. Kwa Vancouver tarakimu zinazojirudia zinaachwa. APA inalaza (yaani inaandika kwa italiki) jina la jarida na namba ya juzuu, wala hailazi toleo lililo ndani ya mabano. Jina la kisayansi la mnyama au mmea linalala popote lilipo, isipokuwa ndani ya kichwa ambacho chenyewe kimelazwa, kama cha kitabu. Hapo linasimama ili litofautike.

Mwaka 2006 kipunji alihamishiwa kwenye jenasi mpya, *Rungwecebus*, iliyopewa jina la mlima wetu. Kwenye matini yako andika *Rungwecebus kipunji*, jina linalotumika sasa. Kwenye orodha ya marejeleo kichwa kinabaki na *Lophocebus*, kwa sababu ndicho kilichochapishwa na ndicho msomaji atakachokitafuta. Kichwa hakisasishwi.

Kuhusu vifupisho vya majina ya majarida, usivibuni. Jina la neno moja kama *Science* halifupishwi. *Tanzania Journal of Health Research* ni Tanzan J Health Res, na si "Tz", wala "Tanz". Kifupisho sahihi kinapatikana kwenye katalogi ya maktaba ile ya tiba ya Marekani, bure mtandaoni: andika jina zima la jarida, kifupi chake kitatokea kwenye taarifa zake.

Mfumo wa namba unavyovurugika

Chanzo kinapata namba pale kinapotajwa mara ya kwanza, na kila kikirudi kinarudi na namba ileile. Namba zinazofuatana zinaunganishwa, [3–5]. Zilizoachana zinatenganishwa kwa koma, [2,7]. Kama namba inakuja kabla au baada ya nukta ya sentensi, hilo liangalie kwenye makala zako mbili.

Majedwali ndiyo yanayokosesha wengi. Chanzo kinachotajwa ndani ya jedwali au chini ya mchoro pekee kinapewa namba kulingana na mahali jedwali hilo lilipotajwa kwanza kwenye matini, hata kama jedwali lenyewe umeliweka mwisho wa faili. Jedwali la 1 likitajwa baada ya rejeleo la 8, vyanzo vyake vinaanzia 9. Wanaopanga kwa mkono huanza kuhesabu majedwali baada ya matini kwisha, na kuanzia hapo kila namba inaonyesha chanzo kisicho chake. Mhakiki akiligundua kosa hilo kwenye namba moja, hataziamini nyingine. Kwa mfumo huu tumia programu tangu aya ya kwanza. Kupanga namba kwa mkono kunavumilika kwa vyanzo kumi. Kwa arobaini, mhakiki mmoja akidai uongeze chanzo kwenye utangulizi, namba zote za chini yake zinabadilika.

Majina ya watu, hasa ya kwetu

Watu wetu wana majina matatu, na nyaraka haziyapangi kwa namna moja: tasnifu inaanza na jina la kwanza, fomu ya ofisi inaanza na la ukoo, PDF nyingine inayaandika yote kwa herufi kubwa bila kutenganisha. Programu inayosoma PDF haijui lipi ni la ukoo. Inachukua neno la mwisho. Ukiwa na shaka, fungua makala nyingine ya mwandishi huyohuyo uone anavyojiandika, ufuate alivyojichagulia.

Ukirejelea wanandugu au majirani wa kiukoo, na Makete hapo Sanga ni wengi, APA inadai herufi za mwanzo za majina ziingie ndani ya matini: (E. Sanga, 2018) na (T. Sanga, 2020), hata kama miaka imetofautiana. Bila herufi hizo msomaji atadhani ni mtu mmoja. Chanzo cha mtu mmoja cha mwaka mmoja kikiwa zaidi ya kimoja, tumia 2021a na 2021b, ukifuata alfabeti ya vichwa vya kazi wala si mpangilio wa kutajwa.

Orodha ya mtafiti wa Mbeya kwa kawaida inajaa kwenye M. Panga herufi kwa herufi: Mwaikambo, Mwaipopo, Mwakalinga, Mwakyusa, Mwambene, Mwandemele. Kwa mwandishi mmoja, kazi zake za peke yake zinatangulia zile alizoandika na wenzake, na kila kundi linaanza na mwaka wa zamani. Majina ya maneno mawili kama De Luca yanakaa pamoja kwenye nafasi ya jina la ukoo, na kwa APA yanapangwa kwenye D.

Nyaraka za serikali, tasnifu, sheria na mahojiano

Hapa ndipo makala za kwetu zinaposhindana na vitabu vya kanuni, maana vitabu hivyo havikuandikwa kwa kufikiria taarifa ya halmashauri.

Mwandishi wa waraka ni yule aliye kwenye jalada. Kama jalada linasema Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mwandishi ni ofisi hiyo, si "Tanzania" wala "Serikali". Mazoea ya kuweka kila kitu cha serikali chini ya "Jamhuri ya Muungano wa Tanzania" yanazaa orodha ya 2016a hadi 2016f ambayo msomaji hawezi kuitofautisha. Taja wizara au taasisi. Usiandike taasisi ileile kwa Kiingereza mahali pamoja na kwa Kiswahili mahali pengine kwa waraka uleule. Lugha iliyo kwenye jalada ndiyo inayoamua.

Jina la zamani libaki kwenye waraka wa zamani. Taarifa iliyotolewa na kituo cha utafiti wa kilimo Uyole kabla ya kuwa sehemu ya TARI haigeuki kuwa ya TARI. Tasnifu iliyoandikwa wakati Chuo Kikuu cha Iringa kikiwa bado chuo kikuu kishiriki cha Tumaini inabaki na jina hilo. Vivyo hivyo kwa mikoa: Njombe ilitoka Iringa mwaka 2012 na Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016, kwa hiyo waraka wa 2008 wenye "Mkoa wa Iringa" kichwani unaweza kuwa unahesabu na Makete. Kichwa usikiguse; hilo lifafanue ndani ya matini, kwa kuwa linabadilisha maana ya takwimu zako.

Tenganisha mwaka wa tukio na mwaka wa chapisho. Sensa ya Watu na Makazi ilifanyika Agosti 2022, lakini majalada ya matokeo yake hayakutoka yote mwaka huo. Kwenye mabano unaweka mwaka uliochapwa kwenye jalada ulilolisoma.

Tasnifu inahitaji mwandishi, mwaka, kichwa, aina yake ndani ya mabano ya mraba pamoja na jina la chuo, na anwani ya hazina ya kidijitali ya chuo kama imo. Kama iko rafuni tu, eleza kwamba haijachapishwa. Makala ikiwa imetokana na tasnifu hiyohiyo na umeisoma makala, rejelea makala.

Sheria zitaje kwa jina, namba na mwaka: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, ambayo kwenye sheria zilizorekebishwa ni Sura ya 114. Ukitumia namba ya Sura, taja na toleo la marekebisho ulilolisoma, kwa kuwa namba za vifungu na maneno yake vinaweza kutofautiana.

Taarifa ya ofisi ya kilimo ya wilaya, kama ile ya uzalishaji wa mpunga Mbarali, mara nyingi haijachapishwa popote. Andika kichwa chake, tarehe, halmashauri iliyoitoa na kwamba haijachapishwa. Yapo majarida yasiyoruhusu waraka wa namna hiyo kwenye orodha. Hapo ueleze kwenye sehemu ya mbinu za utafiti, ukisema ulipewa na ofisi gani na lini.

Mazungumzo ya simu, barua pepe na ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mtaalamu ni mawasiliano binafsi. Kwa APA yanatajwa ndani ya matini tu, pamoja na tarehe, wala hayaingii kwenye orodha. Wakulima uliowahoji kwenye utafiti wako si mawasiliano binafsi. Hao ni data. Wape alama, kama "Mkulima 7, Igurusi", kwa namna uliyoahidi kwenye fomu ya ridhaa.

Ukikopi maneno ya mtu neno kwa neno, namba ya ukurasa ni lazima. Dondoo la maneno 40 au zaidi, kwa APA, linakuwa aya yake yenyewe, limeingizwa ndani sentimita 1.27, bila alama za kunukuu.

Zotero, hatua kwa hatua

Mendeley na EndNote zinafanya kazi ileile. Tunapendekeza Zotero kwa sababu ni ya bure na taarifa zake zinakaa kwenye kompyuta yako, hivyo unaandika hata mtandao ukikatika. Jambo la muhimu ni waandishi wote wa makala kukubaliana programu moja.

Sakinisha programu pamoja na kitufe chake cha kivinjari. Nafasi ya bure mtandaoni ni megabaiti 300, na inajazwa na PDF, si na marejeleo. Ikijaa, zima usawazishaji wa mafaili na uache ule wa data uendelee.

Njia bora ya kuingiza chanzo ni kunakili DOI na kuibandika kwenye alama ya fimbo ya kichawi iliyo juu. ISBN ya kitabu inaingia hapohapo. Ya pili kwa ubora ni kitufe cha kivinjari ukiwa kwenye ukurasa wa jarida lenyewe. Kuchukua kutoka Google Scholar ni njia ya mwisho: mara kwa mara inakosa namba ya toleo, DOI, au majina ya kwanza ya waandishi.

Kisha sahihisha papo hapo, PDF ikiwa bado wazi mbele yako. Hii ndiyo kazi yenyewe, na kwa chanzo kimoja haichukui hata dakika mbili:

- Kichwa kikiwa chote kwa herufi kubwa, kigeuze kiwe na herufi kubwa ya mwanzo na ya majina ya pekee. Bofya kichwa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, utaona amri ya kubadilisha herufi. Mtindo wa APA ndani ya Zotero hautakushushia herufi hizo.
- Taasisi iweke kwenye nafasi moja ya jina, si mbili. Pembeni ya jina kuna alama ndogo ya kubadilisha. Usipofanya hivyo, Ofisi ya Taifa ya Takwimu itatokea kwenye orodha kama mtu anayeitwa "Takwimu, O. ya T. ya".
- Jina la kisayansi lizungushie alama za mlazo ndani ya kichwa: `<i>Lophocebus kipunji</i>`.
- Kazi ya Kiswahili iandikie `sw` kwenye nafasi ya lugha. Bila hivyo mitindo inayokuza herufi, kama Chicago, itachukulia ni Kiingereza na kukuza kila neno.
- Hakiki aina ya chanzo. Sura ya kitabu iliyohifadhiwa kama kitabu itampoteza mhariri wa kitabu na kurasa.

Kwenye Word, weka rejeleo kwa kitufe cha Zotero, na namba ya ukurasa iandike ndani ya kisanduku chake hapohapo. Usiandike chochote juu ya rejeleo kwa mkono ndani ya Word; programu ikijisasisha itafuta ulichoandika. Kubadilisha mtindo wote, jarida la kwanza likikataa, ni suala la kuchagua mtindo mwingine kwenye orodha na kusubiri.

Viunganishi vya marejeleo na Zotero huvunjika pale faili linapozunguka kwa waandishi wenza. Mmoja analifungua kwenye Google Docs, mwingine kwenye simu, wa tatu kwenye kompyuta ya steshenari isiyo na programu. Likirudi, marejeleo yamekuwa maandishi ya kawaida na hayasasishiki. Mtu mmoja ashike faili kuu, wengine wapewe nakala ya kutoa maoni. Kama ni lazima kuhamia Google Docs, tumia amri ya Zotero ya kubadilisha programu ya kuandikia, iliyo kwenye mapendeleo ya waraka, kabla ya kulihamisha.

DOI na viungo

DOI inaanza na 10. na kwenye orodha inaandikwa kama kiungo kamili: https://doi.org/ ikifuatiwa na namba yenyewe. Usiweke nukta mwishoni, maana atakayeinakili ataibeba nayo. Fungua kila kiungo kimojakimoja. DOI iliyokatika katikati kwenye PDF hupoteza kistari, na kiungo hakifunguki.

Wengi wetu tunapata makala kupitia Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia, ambako tiba iko Hinari na kilimo kiko AGORA. Anwani unayoiona kwenye kivinjari ukiwa umeingia kwa njia hiyo ina login.research4life.org ndani yake, na kwa msomaji asiye na nywila haifungui chochote. Ifute, weka DOI. Kama huioni, andika kichwa cha makala kwenye search.crossref.org. Makala isiyo na DOI, na majarida yetu bado yanazo, iandikie anwani ya ukurasa wake, kwa mfano ule wa AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika. Makala isiyo na DOI uliyoisoma kwenye karatasi haihitaji kiungo.

Marejeleo uliyopewa na programu ya akili mnemba yachukulie kuwa hayapo mpaka uyaone kwa macho. Programu hizo zinaunganisha mwandishi wa kweli, jarida la kweli na kichwa ambacho hakijawahi kuandikwa, na DOI yake ama haifunguki au inafungua makala ya mambo mengine kabisa.

Muswada wa Kiswahili

Majarida ya Kiswahili hayafanani. Kwa ujumla "na" inachukua nafasi ya &, "na wenzake" au "na wengine" inachukua ile ya et al., na "uk." ndiyo ya ukurasa. Mhariri wa kitabu huandikwa "mh." na wakiwa wengi "wah.". Chagua kama jarida linavyochagua, usichanganye. Kwa kuwa programu hutoa vifupisho vya Kiingereza, vibadilishe mwishoni kabisa, kwenye nakala ambayo viunganishi vyake vimeshaondolewa. Kinyume chake, ukirejelea kitabu cha Kiswahili ndani ya makala ya Kiingereza, APA inataka kichwa kibaki kwa Kiswahili na tafsiri yake ifuate ndani ya mabano ya mraba, bila kulazwa.

Ukaguzi wa mwisho

Chapa orodha kwenye karatasi. Kwenye kompyuta tafuta "(19", kisha "(20", kisha ", 19" na ", 20", kwa njia hiyo unapita kwenye karibu kila rejeleo la mwandishi na mwaka. Kila unapolikuta, weka alama ya vyema kwenye karatasi na linganisha tahajia na mwaka. Kisicho na alama mwishoni hakikutajwa ndani, kiondoe au kitaje. Kilichotajwa na hakimo kwenye karatasi kiongeze. Tafuta pia "et. al" na "et al," uone nukta.

Kisha chagua vyanzo vile ambavyo hoja yako imeviegemea, uvifungue tena uone kama vinasema ulichodai. Ulichokichukua kutoka kwa mtu aliyemsoma mwingine, sema hivyo, na kwenye orodha weka ulichokisoma wewe. Makosa ya mwaka na ukurasa husafiri kutoka makala hadi makala kwa njia hii, mtu akinakili orodha ya mwenzake. Zotero itakuonya kama chanzo kimefutwa na jarida lake. Usilipuuze onyo hilo.

Mwonekano wa orodha ni kazi ya dakika tano. Mstari wa kwanza uanzie ukingoni na inayofuata iingie sentimita 1.27, kwenye Word chagua orodha yote ubonyeze Ctrl+T. Usisukume mistari kwa nafasi au Tab, kwani jarida likibadilisha upana wa ukurasa kila kitu kitakatika ovyo. Kati ya kurasa tumia kistari kirefu, si kile kifupi.

Hifadhi nakala mbili: moja yenye viunganishi hai, ambayo hutaigusa, na nyingine uliyoondoa viunganishi, ambayo ndiyo unaituma. Wahakiki wakikurudishia, unafanya marekebisho kwenye ile ya kwanza.

Makala ikishakubaliwa utaletewa nakala ya mwisho kabla ya kuchapwa, ikiwa na maswali yaliyopewa namba pembeni, na mengi yatahusu marejeleo: mwaka huu au ule, kurasa zipi, chanzo hiki kimetajwa wapi. Muda ni mfupi, kwa kawaida siku chache, kwa hiyo uwe na PDF zako karibu. Jibu kila swali kwa namba yake. Usiongeze chanzo kipya hatua hiyo. Kwenye mfumo wa namba kingesogeza namba zote, na mpanga kurasa atakuomba ukiondoe.